Kubadili diski ya breki ya mbele ya pikipiki: mwongozo kamili

Diski ya mbele ya pikipiki ndogo imeshikiliwa na bolti tano au sita tu, na fundi aliyezoea anaifungua kabla chai haijapoa. Ndiyo maana kazi hii inadharauliwa. Ugumu wake hauko kwenye kufungua. Uko kwenye kujua kama diski imeisha kweli, kwenye kuzitoa bolti bila kuua vichwa vyake, na kwenye kusafisha pale kwenye habu (kitovu cha tairi) ambapo diski mpya itakaa. Hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu. Mengine nitayapitia haraka.

Ninazungumzia pikipiki za cc 125 hadi 200 zenye diski moja mbele: Pulsar, Apache na nyingi za Kichina za cc 150. Kama una Boxer au TVS HLX, tazama kwanza, maana nyingi za hapa kwetu zina dramu mbele na nyuma, na dramu ina taratibu zake.

Pima kabla hujatoa hela

Watu wengi huletwa kwenye diski na leva inayodunda kwenye vidole wakifunga breki, au na mlio wa chuma. Dalili hizo haziishtaki diski peke yake. Mlio wa chuma mara nyingi ni pedi zilizokwisha hadi bati linasugua. Leva kudunda kunaweza kuwa diski iliyopinda, au iliyolika zaidi upande mmoja wa mzunguko. Lakini beringi za tairi zilizokufa na koni za shingo (beringi za usukani) zenye mchezo huleta mtikisiko unaofanana nao, na diski mpya haitautibu. Kwa hiyo nyanyua tairi la mbele, lishike juu na chini, sukuma na kuvuta. Halafu shika shokapu kwa chini, zivute mbele na nyuma. Kukiwa na mchezo wowote, anza na huo.

Sasa rudi kwenye diski. Futa vumbi, angalia karibu na matundu ya bolti au kwenye mikono yake. Diski iliyotengenezwa vizuri imegongwa maandishi MIN TH na namba. Huo ndio unene wa mwisho, na chini ya hapo diski haitakiwi barabarani. Kwenye pikipiki ndogo diski mpya mara nyingi huwa na milimita 4 na mwisho wake ni 3.5, ila namba ya kufuata ni ile iliyogongwa kwenye diski yako, si hii niliyoandika mimi.

Upimaji wenyewe una mtego. Pedi hazifiki hadi ukingo kabisa wa diski, kwa hiyo ukingo wa nje hubaki na mdomo mwembamba ambao haujalika. Ukibana vernia (kipimio cha taya) juu ya mdomo huo itakusomea 3.9, utashukuru Mungu na kwenda zako, kumbe pale pedi zinapokamata kumebaki 3.2. Mwenye maikromita hana shida hiyo, maana inaingia ndani ya mdomo. Sisi wengine tunatumia sarafu. Chukua sarafu mbili zisizopinda, zibane pamoja na vernia uandike unene wake. Kisha weka moja kila upande wa diski, ndani ya ule mdomo, na bana vernia juu ya sarafu. Toa unene wa sarafu kwenye jumla. Kama sarafu mbili ni 3.6 na jumla ni 6.9, diski yako ni 3.3, na kama MIN TH ni 3.5 safari yake imeisha. Rudia sehemu nne au tano za mzunguko na uamue kwa namba ndogo kuliko zote.

Kuna diski zinazokufa unene ukiwa bado upo. Ufa unaotoka kwenye tundu kwenda tundu jingine au kwenda ukingoni hauna mjadala, hiyo ni ya kutoa leo. Mifereji mirefu inayokwamisha ukucha maana yake pedi mpya zitaanza maisha zikigusa vilele tu. Mabaka ya bluu yanaonyesha diski iliwahi kupata moto mkali; peke yake hayatoshi kuihukumu, ila yakuharakishe kuangalia kama imepinda.

Kupinda kunaweza kupimwa bila mashine. Funga waya mgumu kwenye shokapu kwa vibanio vya plastiki, ncha yake ikaribie uso wa diski bila kuugusa, ndani kidogo ya ukingo. Zungusha tairi taratibu na uangalie mwanga kati ya ncha na diski. Nafasi ikifunguka na kufunga kila mzunguko, kuna kitu. Watengenezaji wengi huruhusu kati ya milimita 0.15 na 0.30 tu, hivyo kama unaiona tofauti waziwazi kwa macho, umeshapita kipimo. Lakini usiihukumu diski bado. Inaweza kuwa imenyooka kabisa, ila imekaa juu ya kutu. Tutafika huko.

Kwa nini milimita nusu iwe hoja

Kuna wanaoniambia kwamba diski ya 3.2 bado ni chuma, haivunjiki. Ni kweli, mara nyingi haivunjiki. Tatizo lake la kwanza ni joto. Pikipiki na mwendeshaji wakiwa na kilo 220, wakiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, wanabeba nishati ya kama kilojuli 54. Ukisimama kwa breki ya mbele, karibu yote inageuka joto ndani ya pedi na diski. Diski yenye kilo moja ya chuma ingepanda zaidi ya nyuzi 100 kwa kusimama huko mara moja, kabla upepo haujaanza kuipoza. Sasa shuka mlima. Kila mita 100 za kuteremka, uzito uleule unatoa zaidi ya kilojuli 200, na anayeshuka Kitonga akiwa amemeza klachi huku amening'inia kwenye breki anaziingiza karibu zote kwenye diski na pedi. Chuma kikipungua, joto lilelile linagawanywa kwenye chuma kidogo, linapanda zaidi na kwenda kwenye mafuta ya breki. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230. Iliyokwisha kunywa unyevu huanza karibu 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na leva inakuja hadi kwenye mpini bila kukamata kitu.

Tatizo la pili ni pistoni. Diski nyembamba na pedi zilizokwisha kwa pamoja huifanya pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) itoke nje kuliko ilivyopangiwa. Huko nje inakutana na vumbi na matope, na ukiirudisha ndani inaburuza uchafu kwenye raba.

Hapohapo niseme kuhusu kuchonga diski kwa fundi wa mashine. Diski ya gari ni nene, ina akiba. Ya pikipiki, kutoka 4 hadi 3.5, ina robo milimita kila upande kwa maisha yake yote. Ukikata hadi mifereji iishe, mara nyingi umeshavuka MIN TH. Mimi siwashauri watu wachonge. Msasa wa kuondoa ung'aavu ni sawa, kuchonga hapana.

Dukani

Ukiweza, fungua kwanza ndipo uende Kariakoo, Kirinyaga Road au popote unaponunua, ukiwa na diski ya zamani mkononi. Jina la pikipiki halitoshi, maana modeli moja yenye jina lilelile hubadilishiwa diski kati ya miaka. Laza mpya juu ya ya zamani. Matundu ya bolti yalingane, tundu la katikati lilingane, na kipenyo cha nje kilingane. Halafu zisimamishe kwa ubavu na uangalie kina: baadhi ya diski ni bapa, nyingine zina kikombe kinachosogeza uso wa breki ndani au nje. Hiki ndicho watu hukisahau. Diski inaingia vizuri, bolti zinashika, halafu kalipa inakataa kukaa kwa sababu diski imesogea milimita tano pembeni.

Kabla hujalipa, laza diski kwenye kioo cha meza ya duka. Ikicheza unapobonyeza pembe, iache. Isiyo na MIN TH wala chapa yoyote iliyogongwa mimi naiacha vilevile, hata kama muuzaji anaapa.

Chukua na pedi mpya. Pedi za zamani zimejichonga kufuata mifereji ya diski ya zamani. Zikikutana na uso mpya zinagusa sehemu chache, zinachoma madoa, na baada ya muda mfupi leva inadunda tena. Bolti mpya za diski pia, za pikipiki hiyo hiyo. Usiridhike na bolti ya M8 (ya kipenyo cha milimita 8) ya duka la vifaa vya ujenzi. Bolti ya diski ina urefu wake, kichwa kifupi kisichogusa shokapu, na nyingine zina shingo laini inayoiweka diski katikati. Nunua gundi ya uzi wa bolti ya nguvu ya kati, ile ya bluu. Nyekundu itamlaza macho atakayefungua baadaye, na huenda ni wewe. Malizia na chupa ndogo ya mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki la pikipiki, DOT 3 au DOT 4, ikiwa haijafunguliwa. DOT 5 ni silikoni na haichanganywi na hizo.

Kwa upande wa vifaa unahitaji spana za ekseli, alenki (spana ya pembe sita) nzuri ya soketi (si ile ya kupinda iliyokwisha pembe), brashi ya waya, msasa namba 180 au 240, spiriti au dawa ya kusafishia breki, bomba la sindano, na spana ya kupimia nguvu kama unaweza kuazima.

Kutoa tairi

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, weka gogo au kreti chini ya injini hadi tairi la mbele lielee, na jaribu kuitikisa. Isitikisike. Ila nati ya ekseli ilegeze kabla ya kunyanyua, tairi likiwa bado chini, ni rahisi zaidi.

Fungua kalipa kwa bolti zake mbili, itelezeshe itoke kwenye diski na uifunge kwa kamba kwenye shokapu. Usiiache ining'inie kwa paipu yake. Chomeka kipande cha mbao kati ya pedi, halafu waambie watoto na marafiki wasiguse leva. Leva ikibonywa kalipa ikiwa wazi, pistoni zinatoka, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Toa kebo ya spidomita, chomoa ekseli, shusha tairi. Kabla hujatupa bushi kwenye ndoo, piga picha kwa simu: ipi ilikuwa kulia, ipi kushoto, na uso upi ulitazama nje. Kama pikipiki ina ABS (mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge ukikamata breki), kuna ringi yenye meno karibu na habu, mara nyingine imefungwa kwa bolti zilezile za diski. Isipindwe, isigongwe, na waya wa sensa usivutwe.

Usilaze tairi diski ikiwa chini. Weka matofali mawili au tairi kuukuu, ubavu wa diski utazame juu, ukingo wa tairi ubebe uzito.

Bolti

Hapa ndipo kazi hugeuka msiba. Bolti hizi zilifungwa kiwandani na gundi, zikapikwa kwa joto la breki, zikanywa mvua na vumbi. Kwa pikipiki za pwani, Tanga hadi Mombasa, ongeza chumvi. Ukiingiza alenki iliyochoka na kuvuta kwa hasira, tundu la kichwa linageuka duara kwa sekunde moja.

Anza na usafi. Chokoa tundu la kila bolti kwa msumari hadi uchafu wote utoke na alenki ifike chini kabisa. Nyingi zinaharibika kwa sababu alenki ilishika nusu tu ya kina. Ingiza alenki ya soketi, igonge kwa nyundo mara mbili tatu, kwa nguvu ya wastani. Kugonga huko kunakaza alenki ndani ya tundu na pia kunapasua gundi kwenye uzi.

Jaribu kulegeza kwa mkono mrefu, mvuto wa polepole usiokatika, mkono mwingine ukikandamiza alenki isiinuke. Ikigoma, acha kuvuta. Gundi ya bolti hulainika kwa joto. Weka ncha ya pasi ya kulehemu nyaya juu ya kichwa cha bolti na uiache dakika kadhaa, au tumia bunduki ya hewa moto. Unataka kuipasha bolti, si habu. Ndiyo maana siipendi ile tochi ya gesi ambayo gereji nyingi huikimbilia: mwali unasambaa, unachoma rangi ya ringi, na raba ya beringi iliyo sentimita chache tu kutoka hapo inaiva. Baada ya bolti kupata moto, gonga tena, vuta tena. Bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ile inayozunguka kidogo kila ikipigwa, hufanya maajabu hapa.

Zilegeze zote kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, ndipo uzitoe. Ukitoa nne kabisa na kuiacha moja, hiyo moja inabeba mkazo wote.

Kichwa kikiwa kimeshakufa, una njia mbili za heshima. Ya kwanza, pigilia biti ya nyota iliyo kubwa kidogo kuliko tundu hadi iingie kwa nguvu, halafu zungusha. Ya pili, toboa kichwa kwa drili katikati hadi kikatike. Diski ikishatoka, kile kisiki kilichobaki hakina tena mkazo, na mara nyingi kinazunguka kwa koleo. Kukata kichwa kwa patasi ni njia ya tatu, na ndiyo inayoacha habu za aluminiamu zikiwa na nyufa.

Uso wa habu

Diski ikitoka utaona duara la kutu, gundi kavu na pengine rangi iliyochubuka. Hapa patumie muda mwingi kuliko popote. Fikiria habu yenye uso wa milimita 80 na diski ya milimita 240. Punje ya kutu yenye unene wa milimita 0.1 ikibaki chini ya upande mmoja, diski inainama. Mwinamo huo ukifika kwenye ukingo wa nje unakuwa umezidishwa mara tatu: 0.3. Umenunua diski mpya, iliyonyooka, na umeshafika mwisho wa kipimo kabla hujatoka gereji.

Sugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa uliozungushiwa kipande cha mbao bapa ili usichimbe mashimo. Lengo ni chuma kisafi, si kupunguza chuma. Pitisha kidole ukiwa umefumba macho. Kidole kinasikia punje ambayo jicho linaipita. Tundu za bolti zisafishe kwa tapu (kifaa cha kukatia uzi) ya M8 ya uzi wa 1.25 kama ndiyo saizi yako, ukiizungusha kwa vidole tu. Kama huna, chukua bolti ya zamani yenye uzi mzima, ikate mfereji kwa msumeno kwa urefu wa uzi, na uitumie kukwangua gundi. Futa kwa spiriti, acha pakauke. Usipake rangi wala grisi kwenye uso huu.

Ukiona tundu limekufa uzi, usiingize bolti nene kwa nguvu. Peleka kwa fundi wa mashine atie uzi mpya wa kupandikiza.

Kufunga diski mpya

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yakibaki yataingia kwenye pedi, na pedi iliyokunywa mafuta hairudi. Osha pande zote mbili kwa dawa ya breki au spiriti, au kwa maji ya moto na sabuni kisha uikaushe. Dizeli na mafuta ya taa huacha utando, havifai. Kuanzia hapo ishike kwa kingo.

Angalia mshale wa mwelekeo. Usipokuwepo, maandishi hutazama nje. Laza diski kwenye habu, ikalie bila kulazimishwa, tia tone moja la gundi ya bluu kwenye uzi wa kila bolti, isipokuwa bolti mpya zilizokwisha kupakwa gundi kiwandani. Ziingize zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kwa mfuatano wa nyota, ukiruka moja kila mara, kwa awamu tatu: zishike tu, halafu nusu ya nguvu, halafu nguvu kamili.

Nguvu kamili ni ipi? Ipo kwenye kitabu cha pikipiki yako. Bolti za M8 za diski hupewa namba tofauti sana, kuanzia karibu Nm (nyutonimita) 20 hadi zaidi ya 40, kwa hiyo usikisie. Kama huna spana ya kupimia, tumia ile mizani ya ndoano ya kupimia mizigo. Weka ndoano kwenye mpini wa soketi sentimita 30 kutoka katikati ya bolti, vuta ikiwa pembe mraba na mpini. Kila kilo kwenye mizani ni kama Nm 3. Kilo 10 ni kama 30. Si kipimo cha maabara, ila kinashinda mkono wa fundi aliyechoka jioni.

Maliza kwa kuchora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye diski. Mstari ukikatika siku moja, bolti imezunguka, na umeona bila kushika spana.

Kalipa na pedi

Toa pedi za zamani. Usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe na ulifute, maana hujui pedi zile zilitengenezwa kwa nini.

Diski mpya ni nene, pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni lazima zirudi ndani. Safisha kwanza sehemu ya pistoni iliyo nje kwa mswaki na mafuta ya breki au maji ya sabuni. Petroli na dizeli hapana, raba za breki zinavimba. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta, zungushia kitambaa, nyonya mafuta kidogo kwa sindano ili yasifurike. Sukuma pistoni taratibu kwa pedi ya zamani na mbao. Mafuta yakidondokea tangi yaoshe kwa maji mengi palepale, yanakula rangi.

Kwenye kalipa ya kuteleza, chomoa pini, zifute na upake grisi ya silikoni. Kalipa inaposhindwa kuteleza, pedi ya upande mmoja inakwisha huku ya pili ikiwa mpya, na diski inasukumwa upande. Wengi hubadili diski mbili kabla ya kuzigundua pini.

Kurudisha

Ekseli ipake grisi nyembamba, bushi zirudi kama kwenye picha, na kile kipande cha spidomita kikae kwenye nafasi yake kisizunguke. Kama shokapu ina bolti ya kubana ekseli, kaza nati kwanza, shusha pikipiki, bonyeza shokapu mara kadhaa zijipange, ndipo ukaze bolti hiyo. Rudisha kalipa diski ikipita katikati ya pedi, kaza bolti zake kwa namba ya kitabu.

Sasa kabla hujafanya kitu kingine chochote, hata kuisukuma nje: pampu leva. Ulizirudisha pistoni mbali na diski. Leva ya kwanza, ya pili na ya tatu zitaenda hadi kwenye mpini bila breki. Pampu hadi iwe ngumu. Halafu angalia kiwango cha mafuta na ufunge kifuniko. Leva ikibaki laini hata baada ya kupampu, kuna upepo ndani. Vuta leva na uishikilie, fungua nipeli ya kalipa (ile ya kutolea upepo) robo mzunguko huku mpira ukiwa kwenye chupa, funga nipeli, ndipo uachie leva, na uendelee hivyo hadi mapovu yaishe, ukichunga kopo lisikauke.

Zungusha tairi. Mkwaruzo mdogo wa pedi mpya ni kawaida, kukwama si kawaida. Rudia kipimo cha waya kwenye shokapu. Kama diski inayumba, usiipigepige na nyundo. Ifungue, angalia uso wa habu tena.

Kuzoesha

Pedi na diski mpya hazikamati siku ya kwanza, na hili liseme kwa mtu mwingine yeyote atakayeiendesha. Tafuta barabara tulivu. Kimbia kilomita 40 hadi 50 kwa saa, punguza hadi 10 kwa mkono wa wastani, achia, endelea na safari ipoe, rudia. Fanya hivyo mara ishirini au zaidi. Usisimame kabisa ukiwa umeibana wakati imepata moto, maana pedi huacha chapa yake pale ilipolala, na chapa hiyo ndiyo leva itakayodunda kesho. Kwa kilomita 200 za mwanzo epuka kubeba mishikaki na kushuka milima kwa breki tupu, tumia gia.

Rangi ya diski ikiwa sawa mzunguko mzima, kijivu cha aina moja, imekaa. Ikiwa na madoa, isugue kidogo kwa msasa mkavu, ifute kwa spiriti, uanze upya kwa upole.

Baada ya wiki moja tazama mistari ya rangi ya kucha, gusa bolti za kalipa kwa spana, angalia kiwango cha mafuta. Bolti za diski zenye mstari mzima usizikaze tena, unapasua gundi iliyokwisha shika. Andika kwenye simu yako tarehe na unene wa diski mpya, ili pedi zijazo zikifika upime na kujua imepungua kiasi gani.

Ile ya zamani ikate kwa msumeno kabla ya kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Diski nzima ya 3.2 iliyong'arishwa ina tabia ya kurudi sokoni ikiwa ndani ya nailoni mpya.